Rangi ya Strungi

Nianze na mkojo, maana haya ya kuutaja ndiyo iliyonifikisha pabaya. Mwanamke wa kwetu atakusimulia alivyojifungua mapacha, hatua kwa hatua, bila kupepesa jicho, lakini mkojo wake hautaji hata kwa daktari. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa. Kazi yangu ni kusema mambo yakaeleweka, na bado nilikojoa kitu cheusi kama strungi, ile chai isiyo na maziwa, na mtu pekee niliyemwambia ndiye ambaye sikupaswa kumwambia. Ninaandika haya nikiwa nimepona. Kama unadhani nimepoa pia, soma tu.

Jina langu ni Sahra. Nilizaliwa Habaswein, nikaolewa Garissa, nina watoto wanne. Mama yangu bado yuko Habaswein, na upande wake wa kulia haufanyi kazi tangu presha ilipomwangusha jikoni. Binti wa kaka yangu ndiye anayemlisha. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati aliponifunga ule mkanda mkononi, akatazama namba na kuniambia, "Madam, presha inapanda, punguza uzito, fanya mazoezi," sikuhitaji hotuba. Nilimwona mama akisubiri kijiko. Hicho ndicho kilichonipeleka jimu, na ninakitaja mapema kwa sababu watu walisema mengine.

Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza. "Mwanamke akikonda," alisema mbele ya wageni, "watu watasema mwanangu hamlishi." Mume wangu, Abdinasir, anauza mbuzi katika soko la mifugo, na yeye alicheka. "Sokoni kwetu," alisema, "aliyekonda ndiye anayeulizwa ana ugonjwa gani." Nilinunua viatu vya mazoezi na kuvificha chini ya kitanda kama mtu aliyenunua dhambi.

Jimu ipo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na saa za wanawake ni kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi tusionekane kutoka barabarani. Jambo jema, isipokuwa karatasi hiyo haipitishi hata upepo wa kumkausha nzi. Mkufunzi ni msichana anayeitwa Fardosa, sote tunamwita Kochi. Ni mzaliwa wa Garissa aliyekaa Nairobi miaka kadhaa na kurudi na misuli, Sheng na imani kwamba mwili ni mtumishi mvivu. Kwenye kidole chake huvaa kile kihesabio kidogo ambacho mama zetu hukitumia kuhesabu dhikri baada ya swala. Yeye alikitumia kutuhesabia skwoti, yaani kuchuchumaa na kusimama.

Sasa nieleze kosa langu, maana sitaki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, jilaal, kiangazi chetu, imekolea, jua la Garissa linakukaanga kabla hujafika lango la shule. Wanawake wa Kiislamu wanaosoma hapa wanajua Shaaban ni mwezi gani. Ni mwezi wa kukimbizana na siku tulizokula Ramadhani iliyopita kwa udhuru wetu wa kike. Mwaka mzima tunasema kesho, kesho, kisha Ramadhani nyingine ikibisha hodi tunafunga mfululizo kama tunafukuzwa. Mimi nilikuwa na siku saba. Kochi alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu. "Mabibi, mnaolipa siku, huu ndio wakati. Ukiwa umefunga na unapiga zoezi, mafuta hayana pa kujificha. Wallahi mtaniambia." Nikaona ni akili. Nilipe siku zangu na nipunguze mwili kwa njaa ileile. Mtu wa kwetu hujivunia kiu. Babu zetu hawakuonja maji kisimani kabla mifugo haijanywa, na tunalisema hilo harusini kwa majivuno, sisi tunaofungua mfereji.

Siku yangu ya kwanza jimu ilikuwa siku yangu ya sita ya kufunga. Stima ilikuwa imepotea, feni zimenyamaza. Nilivaa suruali na dera juu yake kwa sababu niliona haya. Kochi alitupanga wanawake kumi na tano na kutangaza sheria: skwoti mia mbili, na yeyote atakayeacha kabla hatujafika, sote tunaanza tena kutoka moja. Sheria hiyo aliyeitunga anajua wanawake. Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuwa yule. Msichana mmoja, bi harusi wa majuzi, alikaa chini tulipofika tisini, akilia. Tukaanza upya. Mapaja yangu yalikuwa yakitetemeka tangu hamsini za mwanzo. Nilimwambia Kochi kwamba hii ni siku yangu ya kwanza.

"Ticha," alisema, bila kuacha kubonyeza kidole chake, "usituangushe. Si uko na watoto wanakutegemea? Shuka."

Nikashuka. Nilishuka na kupanda mpaka mia mbili, na wanawake walinipigia vigelegele, na nakiri nilijiona shujaa. Ngazi za kurudi chini nilizishuka nimekaa, kipandio kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza. Nilifungua kwa tende tatu na chai, nikaswali kwenye kiti, na mama mkwe akauliza kama sasa nimekuwa mzee kumshinda yeye.

Asubuhi yake nilikojoa strungi. Nilitazama mara mbili. Kwa kuwa ni haya kumwambia mume na haya zaidi kumwambia mama mkwe, nilimtumia Kochi ujumbe wa sauti, nikinong'ona bafuni. Jibu lilirudi kabla sijatoka. "Hiyo ni mafuta na uchafu unatoka, ticha. Mwili unajisafisha. Ikikuuma ujue inafanya kazi. Keep kunywa maji usiku, kesho usikose."

Nilifurahi. Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe, kwa sababu nilifurahi kweli. Nilifunga siku ya saba na miguu yangu imevimba hadi suruali haipiti. Jioni wifi yangu alinikanda kwa mafuta ya ufuta huku nikiuma shuka, na kutoka duka la dawa nikaletewa vidonge vya maumivu, nikameza viwili, kisha viwili tena. Siku saba zangu zilikuwa zimekamilika. Nilijipongeza.

Siku ya tatu mkojo haukuja kabisa. Nilienda kazini hivyohivyo, nikaandika methali ubaoni mbele ya gredi ya sita, nikageuka kuwauliza maana yake na kutapika juu ya meza. Mwalimu mkuu alinipeleka hospitali kwa gari lake, madirisha yote yamefunguliwa.

Daktari alieleza kilichotokea ndani yangu. Sitarudia, si kazi yangu na sikushika yote. Nilichoshika ni hiki: misuli ya mapaja ilikuwa imevunjikavunjika, na takataka yake ndiyo iliyokuwa ikiupaka mkojo ile rangi na kuziba figo, na kiu na vile vidonge vikamalizia kazi. Aliuliza, "Mkojo ulipobadilika rangi, ulimwambia nani?" Nikamwambia. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema nitafungwa mashine ya kusafisha damu, na kwamba figo zangu zinaweza kurudi au zisirudi, na hakuna mtu atakayeniambia mapema ni lipi.

Hilo likawa swali la maisha yangu yote: zitarudi au hazitarudi. Kila kitu kingine kilisimama nyuma yake.

Walinitia mpira shingoni. Mara ya kwanza kwenye mashine nilitetemeka kwa baridi katika mji ambao watu huloweka shuka maji ili walale. Mara ya pili Ramadhani iliandama. Nilisikia adhana ya magharibi kutoka kitandani na kukumbuka kwamba nilikuwa nimejiua ili nimalize siku saba, na sasa mwezi mzima unaniangukia nisiweze kufunga hata siku moja. Nililia kwa hasira. Si huzuni. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kila aliyekuja kuniona alinifuta machozi na kusema subira.

Na maji! Mtu ambaye figo zake hazitoi maji haruhusiwi kuyaingiza. Nilipimiwa chupa moja ndogo kwa siku nzima, pamoja na maji ya kumezea vidonge, Garissa, mwezi wa tatu. Nilikataa kunywa nilipotakiwa kunywa, na sasa ningekunywa hata maji ya bomba la kuoshea sakafu. Abdinasir aliniletea maziwa ya ngamia katika chupa, fresh kutoka sokoni, na muuguzi akayarudisha mlangoni. Tende zikarudishwa. Ndizi zikarudishwa, maana figo zikilala hata madini ya matunda ni sumu. Alisimama na mfuko wake, mtu anayejua kumthamini mbuzi kwa kumshika mgongo tu, na hakujua ampe mke wake nini. Akasema neno ambalo nilikuwa nikilingoja. "Si nilikuambia?"

Nilimwambia aondoke. Aliondoka, na siku mbili hakuja. Mama mkwe alikuja badala yake na kuwasimulia watu wote wa chumba cha kusubiri, kwa Kisomali na kisha kwa Kiswahili ili Mkamba mmoja asikose, kwamba mkaza mwana wake alikuwa anatafuta umbo la wasichana.

Chumba kile cha kusubiri kina viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Watu huja kutoka mbali, Wajir, Mandera, wengine wamelala njiani, na wote wanajuana kwa siku zao za mashine. Hapo nilikutana na Halima, muuza maziwa ya ngamia kutoka Tarbaj, aliyehamia kwa dada yake Garissa kwa ajili ya mashine. Alikuwa na miaka miwili kwenye mashine tayari. Hakuwa mtu mpole. Siku mama mkwe alipomaliza hotuba yake na kwenda kuswali, Halima alinigeukia.

"Abaayo, dada, wewe naumwa nini hasa?"

"Mazoezi," nilisema, nikitamani sakafu inimeze.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuchuchumaa na kusimama. Mara mia mbili. Mia tatu, ukihesabu zile za kuanza upya."

"Hata ngamia," alisema, "hawesi kukubali."

Nilicheka mpaka mpira wa shingo ukaniuma. Yeye hakucheka. Aliendelea kama mtu anayemkemea mchungaji wake. "Sikia. Ngamia ya mzigo tunafundisha bole bole. Siku ya kwanza kamba beke yake. Ikisoea kamba, naweka mkeka. Ikisoea mkeka, naweka dumu tubu, haina kitu ndani. Halafu maji kidogo. Mwesi nzima. Ukiweka mzigo yote siku ya kwanza, inafunjika mguu, nakula nyama, basi. Wewe walikuwekea mzigo yote."

"Nilijiwekea mwenyewe."

"Hapana," alisema Halima. "Kuna mtu alikuwa anahesabu."

Sijui kama alijua alichonipa. Wiki nzima kila mtu alikuwa akinipa lawama au subira, na yeye alinipa ruhusa ya kukasirika na mtu mwingine. Alinipa pia kipande cha barafu kutoka kwenye chupa yake ya chai, akanionyesha nikiweke chini ya ulimi na nisikitafune, kiyeyuke kwa wakati wake. Kipande kimoja kinamaliza kiu ya nusu saa. Nimepewa zawadi nyingi maishani, sikumbuki iliyoizidi hiyo.

Abdinasir alirudi mara ya tano ya mashine. Hakuomba msamaha, si desturi yake, alikaa tu na kunifunika miguu. Mara ya sita nilikojoa. Kidogo, kijiko cha supu, lakini nilikojoa. Muuguzi alinipa jagi la plastiki lenye mistari na kusema kila tone lipimwe. Nikiwa nyumbani kati ya mashine na mashine, mume wangu ndiye aliyelipokea jagi hilo mlangoni mwa choo, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, akainama kuusoma mstari, akampigia muuguzi simu. "Leo imefika hapa juu," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliyepata bei nzuri. Mama mkwe alimwona akiwa na jagi mkononi. Kuanzia siku hiyo aliacha kusimulia habari za umbo langu.

Mara ya tisa ilikuwa ya mwisho. Mvua za Gu zilikuwa zimeanza, mto Tana umejaa rangi ya matofali, na mkojo wangu ulikuwa mweupe kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele. Walinitoa mpira shingoni. Halima alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki nilipotoka na kijibandiko shingoni. "Nenda," alisema, "usirudi hapa kunitasama." Niliona haya kupona mbele yake. Nilirudi hata hivyo, kila wiki, na barafu, mpaka dada yake alipoubeba mwili wake kwenda Tarbaj mwezi wa kumi.

Sasa wewe unayeanza, na umenunua viatu, na kuna mtu anakutumia ujumbe wa sauti wa kukutia moyo. Mimi moyo sikuukosa. Nilikuwa nao mwingi kupita kiasi. Watu wanaandika kana kwamba mwanamke mnene ana upungufu wa moyo, wakati kuna wanawake kumi na tano walioshuka na kupanda gizani bila maji ili wasimwaibishe jirani yao. Kilichokosekana ni mtu wa kusema inatosha. Niliporuhusiwa na daktari, nilianza na kamba peke yake, kama alivyosema Halima. Dakika kumi za kutembea baada ya alfajiri, chupa ya maji mkononi, hadi kituo cha mafuta na kurudi. Wiki tatu hivyohivyo, na ilinichosha akili tu, na siku nyingi nilitoka kwa sababu viatu vilikuwa mlangoni na si kwa hamu. Kisha dakika ishirini. Kisha skwoti tano, tano tu, nimeshika mgongo wa kiti jikoni, binti yangu mkubwa akihesabu na kuniachisha nilipotaka ya sita. Presha imeshuka. Sijakonda sana. Mama mkwe ameridhika.

Siku za Ramadhani ile ninazilipa moja moja kwa idhini ya daktari, na siku ninayofunga sifanyi zoezi lolote. Sitazimaliza kabla ya Ramadhani nyingine. Mungu anajua kuhesabu na hana kidole cha kubonyeza.

Shaaban ilirudi. Sikuwa nimetoka kwenye lile kundi la simu, sijui kwa nini, labda nilikuwa nikingoja. Na ujumbe ukaja, sauti ileile, uchangamfu uleule. "Mabibi, mnaolipa siku, huu ndio wakati."

Nilichemsha strungi. Niliitia kwenye chupa ya chai, nikachukua glasi ya kioo na chupa ya maji, nikapanda ngazi zile kwa miguu yangu. Walikuwa kama ishirini, wamejipanga, karatasi nyeusi bado madirishani. Kochi aliponiona kidole chake kilisimama. Nadhani alikuwa amesikia habari zangu, mji huu ni mdogo, lakini hakuwahi kunipigia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mwaka mzima, maneno makali, kwa lugha tatu. Nilipofungua mdomo sikuyatumia. Nilimimina strungi kwenye glasi na kuiinua juu waione wote.

"Nani hapa," nilisema, "amewahi kukojoa rangi hii baada ya mazoezi?"

Hakuna mkono ulioinuka. Haya ni haya. Nikasema, "Mimi. Nilikaa kwenye mashine mara tisa." Kisha mkono mmoja uliinuka nyuma, wa yule bi harusi wa mwaka jana. Wa pili. Wa tatu, mama mtu mzima aliyefunika uso kwa mkono wa pili.

Mkono wa nne ulikuwa wa Kochi. Kihesabio kilikuwa bado kidoleni.

"Nairobi," alisema, polepole, bila Sheng. "Mwaka wangu wa kwanza. Niliambiwa mafuta yanatoka."

Nilikuwa nimemchukia msichana huyu kwa miezi kumi na miwili, na bado nilikuwa nikimchukia, na sikujua niuweke wapi mkono wake ule. Niliwaambia waliofunga waende nyumbani. Walikusanya mabuibui yao na kwenda, na hakuna aliyewazuia. Nikaimwaga strungi kwenye karai, nikaisuuza glasi, nikaijaza maji.

"Umefunga?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Basi kunywa," nilisema, na nilisimama mbele yake mpaka alipoimaliza.